Wembe na Jembe: Maneno na Kazi ya Mhunzi katika Nchi ya Buha

Makusudi ya makala hii ni kueleza jinsi wembe unavyofuliwa kwa mkono pasipo mashine yoyote, na kuonyesha kwamba kazi hiyo yatufunulia udugu wa maneno ambao si rahisi kuuona katika kurasa za kamusi. Tutaanza na maneno yenyewe, kisha tutaingia kiwandani mwa mhunzi, tukiwa na macho yetu katika Buha, yaani nchi ya juu ya Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma, ambako chuma kilifuliwa tangu kabla ya wakoloni kufika.

Katika Kiswahili, wembe, jembe na kijembe ni maneno ya ukoo mmoja. Shina lao ni -embe, nalo hapo kale lilianza kwa g, kama lionekanavyo hata leo katika neno la Kisukuma igembe, yaani jembe. Tofauti yao ni viambishi tu: jembe ni chombo kikubwa, wembe ni kile chembamba, kijembe ni kile kidogo cha kuchanjia chale, ambacho pia kimekuwa jina la neno la kumchoma mtu kwa mafumbo. (Embe, tunda la mwembe, si wa ukoo huu.) Lakini tukipanda Buha tutaona jambo jingine. Katika Kirundi na Kinyarwanda, lugha zilizo ndugu wa karibu wa Kiha, wembe ni urwembe, bali jembe ni isuka. Basi huko udugu wa maneno haya mawili umefichika, maana mmoja wao amebadilishwa jina. Hata hivyo, kilichopotea katika maneno kimebaki katika kazi.

Kwa wahunzi wa Afrika Mashariki jembe lililochakaa halikuwa takataka. Kipande chake kilirudishwa motoni kikawa kisu, mundu au wembe. Ila si kila kipande kilifaa. Chuma kilichoyeyushwa kwa makaa katika tanuri za kienyeji hakikuwa sawasawa pote: pengine kilikuwa laini, pengine kigumu, kwa kadiri kilivyonywa kaboni kutoka katika makaa. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha uchunguzi wao wa tanuri za Buhaya, kaskazini ya Buha, wakaonyesha kwamba mafundi wa huko waliweza kupata chuma kigumu, ndicho kiitwacho feleji au pua. Wembe hauwezi kufanywa kwa kingine. Siku hizi mhunzi hayeyushi mawe, bali hutumia vyuma vikuukuu. Springi ya gari yafaa, na tupa iliyokwisha meno yafaa zaidi, kwa kuwa ina kaboni nyingi. Nondo ya kujengea haifai kabisa, maana haishiki makali hata ikichovywa mara kumi.

Kazi yaanza kwa moto wa makaa ya miti migumu, na mvukuto wa kuupuliza. Kipande huwekwa motoni mpaka kiwe chekundu, kikashikwa kwa koleo na kufuliwa juu ya fuawe. Neno hili laweza kuchambuliwa kuwa fua na we, kama lile la jiwe, nalo latukumbusha kwamba fuawe ya kwanza ilikuwa jiwe. Mhunzi hurefusha upande mmoja uwe msuka, kisha hupiga ubapa ili mgongo ubaki mnene na upande wa makali uwe mwembamba. Asiuache upoe akiendelea kupiga, kwani chuma kilichopoa hupasuka. Akimaliza hukifukia katika majivu ya moto kipoe polepole, nacho huwa laini hata kikakubali tupa.

Hapa hesabu yahitajiwa. Wembe hunolewa ukiwa umelala, mgongo na makali yote mawili yakigusa kinoo. Kwa hiyo unene wa mgongo ndio uamuao ukali. Mgongo wa milimita 5 kwa ubapa wenye upana wa milimita 20 hutoa makali ya nyuzi 14 hivi, nayo yatosha kunyoa. Lakini tupa isiyafikishe makali hayo mara moja. Yaachwe na unene wa milimita moja, la sivyo yatapinda motoni.

Kisha huja hatua ambayo juu yake kazi yote husimama au huanguka. Wembe hurudishwa motoni mpaka sumaku isiushike tena, yaani kiasi cha digrii 770 na kupita kidogo, ndipo huchovywa mara moja katika mafuta. Mawese, ambayo Kigoma haiyakosi, yafaa kwa kazi hii yakiwa yamepashwa moto kidogo. Maji hupoza upesi mno, na mara nyingi makali hupasuka. Baada ya kuchovywa wembe ni mgumu lakini ni mwepesi kuvunjika kama kioo. Kwa hiyo husuguliwa ung'ae, ukapashwa tena taratibu hadi uonyeshe rangi ya majani makavu, kiasi cha digrii 200. Ukifika rangi ya buluu umeharibika, sharti uchovywe upya.

Mwisho ni kunoa: kwanza kinoo cha kukwaruza pamoja na maji, kisha kinoo laini, makali yakitangulia, kisha ukanda wa ngozi, mgongo ukitangulia. Akikosea mwendo huu wa pili ataukata ukanda.

Wembe wa namna hii ndio uliokuwa nyumbani wakati watu walipoanza kusema kwamba mtoto akililia wembe apewe. Leo neno limehamia kwenye kile kijibati chembamba cha dukani, na kwa sababu njema: tangu UKIMWI ulipotambuliwa nchini mwaka 1983, mkoani Kagera, jirani wa mkoa wa Kigoma, watu wamefundishwa kwamba kila mmoja awe na wembe wake. Wembe mmoja wa kunyolea ukoo mzima haufai kurudi. Lakini kijibati hakina mgongo wala msuka, wala hakifuliwi. Mtoto akijuaye hicho tu hawezi kuona kwa nini wembe na jembe ni ndugu.

Kwa hiyo mkusanyaji wa maneno aendaye Kasulu au Kibondo asiulize tu, "Hiki chaitwaje?" Na aketi penye mvukuto mpaka kipande kitoke katika mafuta, akiandika jina la kila hatua na la kila kosa. Maana majina ya makosa, kama vile kupinda, kupasuka na kuungua, ndiyo yasiyofika katika kamusi, nayo ndiyo yenye elimu ya fundi.