Ua Lisimfiche Mwizi: Kupanga Mimea kwa Usalama wa Mtaa

Saa moja jioni, abiria hushuka stejini na kuelekea nyumbani. Katika mitaa mingi, njia ya mkato hupita kando ya ua la michongoma lililokua likampita mtu kimo. Mwenye nyumba alilipanda limlinde. Sasa anayepita nje haoni ndani, aliye ndani haoni nje, na mwizi amepata pa kujificha.

Wataalamu wa mipango ya miji wamelitafakari jambo hili kwa zaidi ya miaka 50. Mwaka wa 1972, msanifu majengo wa Marekani, Oscar Newman, alichapisha kitabu Defensible Space. Alieleza kuwa mpangilio wa makazi unaweza kuwawezesha wakaazi kuulinda mtaa wao wenyewe, kwani mhalifu huepuka mahali anapoonekana.

Je, dawa ni kukata miti yote? La. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2001 ulilinganisha majengo 98 ya makazi ya umma mjini Chicago. Majengo yenye miti na nyasi nyingi yaliripotiwa visa vya uhalifu pungufu kwa asilimia 52 kuliko yale yenye mimea michache. Miti mirefu na nyasi fupi hazizibi macho, na kivuli huwavuta watu kukaa nje, hivyo mtaa huwa na wa kuutazama.

Wakaazi wanaweza kuanza na hatua hizi:

• Vichaka vilivyo kando ya njia na milango visizidi kimo cha mita 1.

• Matawi ya chini ya miti yapogolewe hadi mita 2 kutoka ardhini. Tawi linalofika kwenye ukuta au paa liondolewe, lisiwe ngazi ya mwizi.

• Mimea ya miiba, kama vile bogenvilia, ipandwe chini ya madirisha na kando ya ukuta wa nyuma, kisha ipunguzwe mara kwa mara.

• Matawi yasizibe taa za barabarani wala mulika mwizi.

• Viwanja vilivyoachwa vifyekwe, vichochoro visafishwe.

Majirani wa Nyumba Kumi wanaweza kutembea pamoja katika njia zao baada ya giza kuingia, waandike kila mahali ambapo mtu anaweza kujificha. Chini ya Katiba ya 2010, taa za barabarani ni jukumu la kaunti. Kwa hivyo, taa iliyozimika au mti wa kando ya barabara unaohitaji kupogolewa uripotiwe katika afisi ya msimamizi wa wadi.

Kupogoa ua hakuchukui nafasi ya polisi. Anayeshuhudia uhalifu apige simu 999 au 112.