Kasi haizaliwi kwa kuwachosha wanafunzi

Kuna imani iliyokita mizizi katika shule zetu kwamba mwanariadha aliyefunzwa vyema ni yule aliyechoka. Mwalimu wa michezo huwaamsha wanafunzi alfajiri, akawazungusha uwanja wa kandanda mara kumi na tano, wale wa mita 100 na wale wa mita 10,000 pamoja, kisha akaridhika awaonapo wamejilaza nyasini wakihema. Sikatai kuwa jasho limetupa mabingwa wengi wa masafa marefu. Ninachodai ni kwamba desturi hiyo hiyo imetuulia watimkaji wa mbio fupi kabla hawajajulikana.

Wapo wasemao kuwa Mkenya hakuumbiwa mbio hizo. Watu hao wamemsahau Seraphino Antao, kijana wa Mombasa, aliyenyakua dhahabu ya yadi 100 na ya yadi 220 katika michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Perth, Australia, mwaka wa 1962, hata kabla bendera yetu haijapandishwa. Wamewasahau pia Charles Asati, Hezahiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang, walioshinda dhahabu ya Olimpiki mjini Munich mwaka wa 1972 katika mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne. Lakini katika mita 100 kilifuata kimya kirefu, hadi Ferdinand Omanyala alipotimka kwa sekunde 9.77 ugani Kasarani mnamo Septemba 2021 na kuweka rekodi ya Afrika. Mwaka uliofuata alitwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham. Miaka 60 baada ya Antao!

Tena Omanyala alitokea katika raga. Sidhani hilo ni jambo la kupuuzwa. Mchezaji wa raga hukimbia mita 20 au 30 kwa nguvu zake zote, akapumua, kisha akakimbia tena. Bila ya kukusudia, mchezo huo humpa kijana mazoezi ambayo kipindi cha riadha humnyima.

Sababu yake i mwilini. Mtu anapotimka kwa nguvu zote hutegemea akiba ndogo iliyomo ndani ya misuli, nayo hupungua mno baada ya sekunde sita hadi kumi hivi. Akiba hiyo hurejea kwa mapumziko ya dakika kadhaa. Ukimhimiza mwanafunzi akimbie tena kabla ya hapo, atakimbia polepole, na huo upole ndio mwili wake utakaouzoea. Kwa hivyo wakufunzi wengi wa mbio fupi hukadiria dakika moja ya mapumziko kwa kila mita 10: akitimka mita 30, apumzike dakika tatu. Najua mwalimu mkuu akipita na kumkuta mtoto ameketi kivulini dakika tatu nzima atamwita mvivu. Mtoto huyo yumo kazini.

Jambo la pili ni nguvu ya mguu. Utafiti wa Peter Weyand na wenzake, uliochapishwa mwaka wa 2000, ulionyesha kuwa mwenye kasi hairudishi miguu yake mbele hewani kwa wepesi mno kuliko wengine. Tofauti kubwa ni kwamba huikanyaga ardhi kwa nguvu zaidi. Nguvu hiyo hujengwa kwa kuruka kamba, kuruka kwa mguu mmoja, na kupanda mbio kilima kifupi cha mita 20. Ni shule gani nchini isiyo na kamba wala mteremko?

Jamaika, nchi yenye watu wasiofika milioni tatu, imekuwa na mashindano makuu ya riadha ya shule za upili tangu mwaka wa 1910. Usain Bolt, aliyekimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 mjini Berlin mwaka wa 2009, aliyapitia akiwa mwanafunzi. Huko mtimkaji hulelewa kama mtimkaji. Kwetu huazimwa kila mahali. Niliwahi kumwona msichana mmoja katika mashindano ya tarafa akiwaacha wenzake mbali katika mita 100, na tena katika mita 200. Alasiri hiyo hiyo aliingizwa katika mita 1,500 kwa kuwa shule ilihitaji alama, kisha akapewa kijiti cha mwisho. Alishika paja kwenye kona na kuanguka.

Mwalimu atanijibu kuwa alama ndizo zinazompeleka mkoani, na kwamba msimu wa riadha ni wiki chache tu. Ni kweli. Basi mazoezi ya kasi yaanze mapema, mara mbili au tatu kwa wiki, mwanafunzi akiwa hajachoka, hata kama ni mitimko sita tu ya mita 30. Na siku ya mashindano, mtimkaji asipangwe katika mbio za masafa marefu, hata alama zikipungua.