Chanjo ya Miezi 18 na Mtoto Asiyegeuka Akiitwa

Mtoto wa mtaa wa Bondeni, Nakuru, akitimiza miezi 18, mamake hutakiwa kumrudisha kliniki kwa dozi ya pili ya chanjo ya surua na rubella. Kupima uzito na kupewa vitamini A huendelea hadi miaka 5, lakini akina mama wengi wakishamaliza sindano hiyo hawarudi tena ila mtoto akiugua. Katika umri huohuo ndipo dalili za usonji huanza kujitokeza: mtoto hageuki akiitwa jina, haonyeshi kwa kidole anachokitaka, na pengine maneno machache aliyokuwa nayo yanapotea. Basi muuguzi anayedunga sindano siku hiyo huenda akawa mhudumu wa mwisho kumtazama mtoto huyo kwa miaka kadhaa. Ndiyo maana naamini kwamba huduma kwa watoto wenye matatizo ya ukuaji na ya afya ya akili ianzie kwake, si kwa daktari bingwa.

Madaktari wa akili nchini Kenya ni wachache mno, na wengi wako Nairobi. Wa watoto ni wachache zaidi. Mfumo wetu ulikulia katika hospitali ya akili ya Mathari, Nairobi, iliyofunguliwa mwaka wa 1910, na kwa miongo mingi ulimjali mtu mzima aliyezidiwa, si mtoto aliyechelewa kusema. Mwaka wa 2020 jopo la serikali lililoongozwa na daktari wa akili, Dkt. Frank Njenga, lilipendekeza matatizo ya afya ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Hata hivyo, kifaa cha kuanzia tunacho tayari. Kijitabu cha afya ya mama na mtoto kina sehemu ya hatua za ukuaji: kutabasamu, kukaza shingo, kukaa, kutembea, kusema. Foleni ikiwa ndefu, sehemu hiyo ndiyo rahisi kurukwa.

Wapo watakaosema kwamba muuguzi si bingwa, na kwamba anaweza kumtia mzazi hofu kwa kumpa mtoto jina la ugonjwa asio nao. Tahadhari hiyo ni ya haki, ila kazi ninayoisema si ya kutoa majina. Ni kuuliza, kutazama mtoto anavyocheza, kuhakikisha masikio yamepimwa kwanza, kisha kumwelekeza mzazi: hospitali ya rufaa ya Nakuru, ambayo wengi bado huiita kwa jina lake la zamani, PGH, au vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, vilivyoanzishwa nchini mwaka wa 1984. Na kazi haiishii kwenye barua ya rufaa. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akilishwa amelala chali, chakula huweza kuingia mapafuni. Mama anahitaji kuonyeshwa jinsi ya kumkalisha wima na kumlisha polepole. Mwenye kifafa hapaswi kukatiziwa dawa kwa sababu amekaa mwezi mzima bila kuanguka. Mtoto asiyetulia husaidika siku yake ikiwa na ratiba isiyobadilikabadilika, na maagizo yakiwa mafupi, moja kwa wakati. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya namna hii kwa wazazi, vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, yaliyotungwa ili yaendeshwe na watu wasio mabingwa. Yamejaribiwa hapa Kenya pia.

Muuguzi huyo ndiye pia anayepaswa kujibu swali linalowatesa wazazi wengi: je, ni chanjo iliyomfanya hivi? Kwa kuwa dalili na sindano hukutana katika umri mmoja, si ajabu mzazi akihisi hivyo. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka wa 2019, uliofuatilia watoto zaidi ya 650,000, haukupata uhusiano wowote kati ya chanjo ya surua na usonji. Wala si laana, wala si malezi mabaya. Usonji hutokana kwa kiasi kikubwa na urithi. Mtindio wa ubongo unaweza kutokana na mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa au manjano makali yasiyotibiwa. Mama akielezwa hivyo na mtu anayemwamini, hupata nguvu ya kumtoa mtoto nje badala ya kumficha.

Pingamizi zito zaidi ni uchache wa wauguzi. Ni kweli wamelemewa, na kuwaongezea mzigo bila msaada ni kuwaonea. Lakini maswali matano yanaweza kuulizwa mtoto akiwa kwenye mizani, na wahamasishaji wa afya ya jamii, waliotumwa mitaani zaidi ya 100,000 tangu Septemba 2023, wanaweza kumfuatilia nyumbani. Kaunti ya Nakuru ingeanza kwa kumpeleka muuguzi wa afya ya akili kwenye kliniki ya watoto Bondeni siku moja kila wiki, na kwa kuhesabu hatua za ukuaji katika ripoti ya mwezi kama chanjo zinavyohesabiwa.