Je, Wajua? Nasaba ya Kitenzi "Lima"
Mgogo wa Dodoma, apasuapo ardhi yake kame ili kupanda uwele na mtama, husema kulima, sawasawa na asemavyo Mswahili wa pwani; Mzulu wa Afrika Kusini husema ukulima, ilhali Mkikuyu huigeuza l kuwa r na kusema kũrĩma. Wanazuoni, wakifuata njia aliyoipanua Mjerumani Carl Meinhof katika kitabu chake cha mwaka 1899, wamezilinganisha lugha hizo na kukisia shina la kale *-dɪm-, linalotiwa alama ya nyota kwa sababu halikupata kuandikwa popote na wenyewe waliolitamka. Ni fahari iliyoje kwamba kazi ya jembe imelihifadhi neno lake katika masafa yote hayo! Ndilo lililotuzalia pia mkulima na kilimo.