Kikundi Kianze Kabla ya Mnada

Korosho zikianza kudondoka, pombe huko Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, inakuwa karibu bure. Mabibo yaliyonyofolewa korosho yanabaki chini ya mikorosho. Yakikamuliwa na kuachwa siku moja mbili yanakuwa uraka, na uraka ukichemshwa na mvuke wake kukingwa, inapatikana gongo ambayo kusini wanaiita nipa. Kuanzia Oktoba minada ya korosho nayo inafunguliwa, na malipo yanaingia kwenye akaunti za wakulima kupitia vyama vyao vya msingi. Kwa anayejitahidi kuacha pombe, hakuna miezi migumu kama hiyo. Ndiyo maana nashauri kwamba anayehitaji kikundi cha kumshika mkono akitafute, au akianzishe, kabla ya mnada wa kwanza.

Hata hivyo, wapo wanaopaswa kupita hospitali kwanza. Mtu anayezimua kila asubuhi, ambaye mikono haitulii mpaka apate funda la kwanza, mwili wake umeshaizoea pombe. Akikata ghafla, kutetemeka na kutokwa jasho huanza ndani ya saa chache. Degedege inaweza kumpata katika siku mbili za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwepo, kupandwa na homa na moyo kwenda mbio. Hali hiyo inaua. Ndugu zake wanaweza kudhani amerogwa, au wakamfungia chumbani wakiamini wanamsaidia, wakati anachohitaji ni kitanda cha wodi, diazepamu anayopewa na kusimamiwa na mtaalamu, na vitamini B1. Mpelekeni Mkomaindo mjini Masasi, hospitali ya wilaya Newala, au kwa Wabenediktini wa Ndanda, na msione haya kutaja anakunywa kiasi gani na mara ya mwisho ilikuwa lini. Daktari asiyejua hilo anaweza kutibu malaria huku mgonjwa akielekea kwenye degedege.

Mwili ukishatulia ndipo kazi ndefu inapoanza, na hapo dawa hazitoshi. Mwaka 1935, mjini Akron nchini Marekani, dalali wa hisa aitwaye Bill Wilson alikutana na daktari wa upasuaji, Bob Smith. Wote wawili walikuwa wameshindwa na pombe, wakagundua kwamba kila mmoja alikaa bila kunywa alipozungumza na mwenzake aliyepita njia ileile. Huo ndio mwanzo wa Alcoholics Anonymous, yaani AA. Hakuna ada, watu hutajana kwa jina la kwanza tu, na sharti la kuingia ni moja: uwe na nia ya kuacha kunywa. Mwaka 2020 watafiti wa mtandao wa Cochrane walipitia tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000. Katika zile zilizolinganisha tiba inayowaunganisha watu na AA na tiba nyingine za kitaalamu, waliodumu mwaka mzima bila kunywa walikuwa 42 kwa kila 100, dhidi ya 35. Watu saba zaidi katika kila mia, na mikutano yenyewe haitozi hata senti! Mimi naiona ni tofauti kubwa.

Mikutano ya AA ipo Dar es Salaam na Arusha, mbali mno kwa mkulima wa Newala. Mwenye simu janja na bando anaweza kujiunga na mikutano ya mtandaoni, lakini asiyeelewa Kiingereza ataona ugumu. Wapo pia wanaohofu kwamba njia hii ya AA ni ya Wakristo au ya Wazungu. Lakini nyumba za upataji nafuu za Zanzibar, katika jamii ya Waislamu, zimetumia hatua 12 zilezile za AA kwa miaka mingi kuwasaidia waraibu wa heroini. Katika hatua hizo kila mtu humwendea Mungu kwa imani yake.

Tena mfano wa karibu zaidi tayari upo. Vikundi vya watu wanaoishi na VVU vimeonyesha kwamba anayeumwa humsikiliza zaidi aliyewahi kuumwa vivyo hivyo. Kikundi cha pombe kinahitaji watu wawili, chumba kisicho jirani na kilabu, na siku isiyobadilika. Kinachosemwa humo kisitoke nje. Mwenye uvumi akishatoboa siri moja, kikundi kimekufa. Wanawake wapewe kikao chao, kwa sababu mama anayepika pombe ili asomeshe watoto, kisha akawa mnywaji, hatalisema hilo mbele ya wateja wake. Aliyeteleza arudi bila kuhukumiwa. Wake na waume wa wanywaji nao wakutane peke yao, kama familia za wana-AA zilivyofanya zilipoanzisha Al-Anon mwaka 1951.

Ukitaka kuanza, muulize ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, au mhudumu wa afya ya akili hospitalini, kama anamjua mtu mwingine aliye tayari. Amuulize mtu huyo kwanza, kisha awakutanishe.

Nawe mwenye ufunguo wa darasa, wa ofisi ya chama cha msingi au wa chumba cha zahanati, kuanzia Agosti wape watu hawa saa moja kila wiki, na usiulize majina yao.