Mbona Nyalenda Inajaa Maji na Milimani Iko Sawa? Stori Ilianza na Mpaka

Kama umewahi kupanda boda Kisumu, hii unaijua. Upande mmoja wa Ring Road ni Milimani: barabara pana, miti, mitaro. Vuka uingie Nyalenda na boda inaanza kupinda kona baada ya kona. Keja zimebanana, na mvua ikipiga maji hayana pa kwenda.

Wasee wengi watakuambia ni gava imelala. Hiyo ni nusu ya stori. Nusu ingine ni shamba.

Kisumu ilianza 1901, reli ilipofika ziwani. Wakoloni walipima mji wao mdogo, wakauwekea barabara na mabomba, wakaishia hapo. Nje ya mpaka watu waliendelea kukaa kwa ardhi ya mababu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mpaka ukasukumwa mbali, na Nyalenda na Manyatta zikajipata ndani ya mji bila hata kuhama.

Hapo ndio Kisumu si kama Kibera. Kibera, ardhi nyingi ni ya serikali. Nyalenda, landilodi mara nyingi amerithi ploti na hati iko kwa jina la familia. Mzee akienda, watoto wanagawana, kila mmoja anajenga keja za rent hadi ukingoni. Nani ataacha nafasi ya barabara? Futi moja ya njia ni futi moja ya rent imeenda.

Sasa ongeza maji. Mto Auji unapita mitaa hiyo ukielekea ziwani. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kuvunja rekodi ya 1964. Ziwa likijaa, mto unakosa pa kumwaga, na nyumba za chini ndizo zinaloa.

Kuna kitu kimewahi kubamba, lakini. KIWASCO, kampuni ya maji, iliamua kuuzia vikundi vya mtaa maji kwa jumla, navyo vikavuta mabomba hadi kwa nyumba na kukusanya pesa. Lakini bomba ni jembamba, linapenya popote. Gari la zimamoto halipenyi. Ambulensi pia.

Ndio maana barabara lazima ijadiliwe. Katiba, kifungu cha 40, inasema serikali ikichukua ardhi yako kwa lazima, inakulipa. Na sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inataka wananchi waone mpango na watoe maoni kabla upitishwe.

Usidhani hiyo ni mikutano ya malandilodi pekee. Jina lako haliko kwa hati, sawa, lakini ni godoro lako linaelea mvua ikinyesha. Usipoenda, mwenye ploti ataongea peke yake, na unajua atatetea nini: rent yake.