Nyumba isiyopumua

Harufu ile ilikuwa ikitokea asubuhi, majirani wanapooga na kujitayarisha kwenda kazini. Mke wangu alisugua bafu kwa kila dawa inayouzwa dukani. Fundi wa kwanza alizibua bomba ambalo halikuwa limeziba, akapokea pesa zake akaenda zake.

Fundi wa pili, mzee wa makamo, hakufungua hata mkoba wa vyombo. Alimtuma mtoto ghorofa ya juu akavute maji ya choo. Mara sinki letu likalia: glu, glu, glu.

"Bwana, nyumba hii haipumui," akaniambia.

Chini ya kila sinki bomba hupindwa mfano wa herufi U. Maji yanayobaki katika kipindo hicho, kina chake kama milimita 50 au 75 tu, ndiyo mlango unaozuia hewa ya maji taka isiingie nyumbani. Sasa, maji mengi yanapoporomoka ndani ya bomba kuu, huvuta hewa nyuma yake. Hewa hiyo isipopata njia kutoka nje, maji ya kipindo chako ndiyo hufyonzwa, na mlango ukabaki wazi. Ndiyo maana bomba kuu hupandishwa hadi juu ya paa likaachwa wazi, na wavu mdomoni ili ndege wasijenge humo.

Letu tulilikuta limezibwa kwa saruji! Inaonekana aliyerekebisha paa aliliona kama tundu la kuvujisha mvua. Mwenye nyumba alichukua wiki tatu kulizibua.

Tena si shida ya pua tu. Mwaka wa 2003, katika majumba ya Amoy Gardens huko Hong Kong, zaidi ya watu 300 waliambukizwa ugonjwa wa SARS na 42 wakafa. Wachunguzi waliona kwamba vipindo vya mashimo ya sakafu bafuni vilikuwa vimekauka, na feni za bafu huenda zilivuta hewa yenye virusi kutoka bomba la maji taka hadi ndani ya nyumba.

Kwa hivyo, kama bafuni kwako kuna shimo la sakafu lisilopitisha maji kila siku, limwagie kopo mbili tatu kila wiki. Na mkienda mashambani Desemba, mkirudi anzeni na hilo kabla ya kufungua mizigo.